Jan Łukasiewicz na Hesabu Isiyo na Mabano

Tunapofundisha mpangilio wa matendo ya hesabu huwakaririsha wanafunzi neno MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Yafaa tumjue mtaalamu aliyeonyesha kwamba mabano yenyewe yaweza kuepukwa.

Jan Łukasiewicz alizaliwa mwaka 1878 huko Lwów, mji uliokuwa chini ya Austria, nao leo ni Lviv ya Ukraine. Alisoma hisabati na falsafa mjini humo, akapata udaktari mwaka 1902. Mwaka 1915 alikwenda kufundisha Warsaw. Mwaka 1919 alikuwa waziri wa elimu wa Polandi iliyokuwa imejipatia uhuru, kisha akarejea kwenye ualimu na kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Warsaw mara mbili.

Mwaka 1924 alibuni njia ya kuandika mantiki kwa kutanguliza alama ya tendo. Kwa njia hiyo, (3 + 4) × 5 huwa × + 3 4 5. Mabano hayapo, wala utata haupo.

Vita vilipofika Warsaw mwaka 1939, nyumba yake ilipigwa bomu, vitabu na maandishi yake yakateketea. Aliihama Polandi mwaka 1944. Mwaka 1946 alipokewa Dublin, akafundisha huko, na akafariki mwaka 1956.

Fikra yake haikuteketea. Wataalamu wa kompyuta waliigeuza, wakatanguliza namba na kuweka tendo nyuma: 3 4 + 5 ×. Mwaka 1972 kampuni ya Hewlett-Packard ilitoa kikokotoo cha mkononi, HP-35, chenye kufuata utaratibu huo. Hakikuwa na kitufe cha mabano wala cha sawasawa. Mtumiaji aliingiza 3, kisha 4, akabonyeza cha kujumlisha, akaiona 7. Akaingiza 5, akabonyeza cha kuzidisha, akapata 35. Kila hatua ilionekana, hivyo kosa liligunduliwa mapema.

Hapa pana funzo la ufundishaji. Mtoto wa darasa la kwanza huchukua visoda 3, huchukua vingine 4, ndipo huviunganisha. Vitu hutangulia, tendo hufuata. Mabano lazima yafundishwe, maana vitabu na mitihani huyatumia. Lakini kabla ya kukaririsha MAGAZIJUTO, mwalimu na amwulize mwanafunzi ni namba zipi ziko tayari, na ni tendo gani laweza kufanyika sasa. Anayeweza kujibu hayo ameelewa. Anayekariri tu atakwama neno likimtoka.