Allidina Visram: Tajiri wa mali kauli kabla ya magari

ANAYEUZA vifaa vya ufundi kwa gari, akipita gereji hadi gereji kati ya Iringa na Mbeya, hukutana na tatizo lile lile kila anaposimama. Fundi anaitaka seti ya soketi iliyo bora. Anaijua, anaishika, anaigeuza mkononi na kuuliza bei. Lakini fedha yote hana siku hiyo. Ama apewe kwa mali kauli, ama gari liondoke na mzigo wake kama lilivyokuja.

Wengi huliona hili kuwa tatizo la mafundi wetu, kana kwamba mafundi wa mahali pengine hununua kwa fedha taslimu. Sivyo. Marekani, kampuni ya Snap-on ilianzishwa mwaka 1920 mjini Milwaukee na akina Joseph Johnson na William Seidemann, na kwa miaka mingi sasa bidhaa zake zimekuwa zikipelekwa kwa magari hadi mlangoni mwa gereji. Huko nako fundi hulipa kidogo kidogo kila wiki, na wakala mwenye gari ndiye anayebaki na daftari la madeni.

Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, mtu aliyeijua biashara ya namna hii kuliko wengine alifariki mwaka 1916. Mali yake ilikuwa nguo na shanga kuliko spana, na ilisafiri kichwani mwa wapagazi, kwa majahazi na baadaye kwa reli. Jina lake ni Allidina Visram, na mfanyabiashara yeyote anayetaka kukopesha bidhaa mbali na kwake hatapoteza muda akiyafuatilia maisha yake.

Kijana wa Bagamoyo

Visram alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, eneo la Kutch, magharibi mwa India. Alikuwa Mwismailia. Mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 12 tu, alivuka bahari na kufika pwani yetu bila mtaji wowote wa kutajwa. Alipata kazi Bagamoyo kwa Sewa Haji Paroo.

Sewa Haji naye hakuwa mtu mdogo. Alizaliwa Bagamoyo, mwaka ule ule wa 1851, na familia yake iliandaa misafara ya kwenda bara. Aliyetaka kwenda Tabora au Ujiji, awe mfanyabiashara, mmisionari au mpelelezi wa Kizungu, alikwenda kwake kutafuta wapagazi, vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Watanzania wengi wanalijua jina lake bila kujua habari zake, kwa sababu ya jengo la Sewahaji pale Hospitali ya Taifa Muhimbili. Alifariki Februari 1897, na Visram akachukua sehemu kubwa ya biashara ya misafara.

Hapa ni vizuri kueleza msafara ulikuwa unafanya kazi vipi kifedha. Mpagazi mmoja alibeba kiasi cha kilo 30. Safari ya kutoka pwani hadi Ujiji, zaidi ya kilometa 1,000, ilichukua miezi, na kurudi ilichukua miezi mingine. Mwenye msafara hakuwa na fedha ya kununua mali yote kabla hajaondoka. Aliikopa kwa matajiri wa Zanzibar na Bagamoyo, akaahidi kulipa kwa pembe za ndovu atakaporudi. Hata Tippu Tip, pamoja na umaarufu wake wote, alikopa kwa Tharia Topan wa Zanzibar. Tajiri aliyekopesha aliweza kukaa mwaka mzima au zaidi bila kujua kama mali yake imeuzwa, imeibwa au imeteketea njiani.

Visram alikulia ndani ya mfumo huo na akauona udhaifu wake. Aliyebaki pwani kusubiri alikuwa mateka wa habari. Yeye alichagua kuisogeza biashara yenyewe bara. Akaweka matawi Dar es Salaam na Saadani, na mengine katika njia ya kati hadi Ujiji, kisha akavuka kuingia upande wa Kongo. Kila tawi lilikuwa na mtu wake aliyejua nani amekopa na nani amehama.

Njia hiyo ya kati haikupita huku kwetu. Nyanda za Juu Kusini za wakati ule zilikuwa vitani. Wahehe wa Mkwawa waliwapiga Wajerumani Lugalo mwezi Agosti 1891, ngome ya Kalenga ikaanguka Oktoba 1894, na Mkwawa hakufariki hadi Julai 1898. Mwenye mali ya mkopo hapeleki mzigo mahali ambapo hajui nani atakuwa mtawala msimu ujao.

Kufuata reli

Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli ya Uganda kutoka Mombasa. Walileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India kwa muda wote wa ujenzi. Watu hao walihitaji unga, mchele, dengu, nguo na tumbaku, tena mahali ambapo hapakuwa na soko. Visram alipata kazi ya kuwapelekea mahitaji, na duka lake likawa linasogea kadiri reli ilivyosogea. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwishoni mwa 1901. Kabla haijafika ziwani, yeye alikuwa ameshafungua duka Kampala.

Kwa mwenye gari la bidhaa hili ni jambo la kulitazama kwa makini. Visram alianza na wateja ambao mishahara yao ilijulikana inatoka lini na wapi. Kibarua wa reli hakuwa tajiri, lakini alilipwa. Baada ya kusimama kwa wateja hao ndipo alipoingia kwa wakulima wa Uganda, ambao fedha yao ilikuja kwa msimu.

Na huko Uganda ndiko utajiri wake mkubwa ulikopatikana. Aliwachukua vijana kutoka Kutch na Gujarat, akawafundisha kazi dukani, kisha akawapa mali kwa mkopo wakafungue maduka yao vijijini. Kijana alipewa vitambaa, chumvi, sukari, mafuta ya taa na majembe. Hakurudisha fedha peke yake. Alirudisha ngozi, pembe, ufuta, pilipili na baadaye pamba. Maduka ya Visram yalifika makumi, na kuyazunguka palikuwa na maduka madogo yaliyokuwa yakila kutoka mkononi mwake. Mahali pasipokuwa na benki, duka lake lilifanya kazi ya benki. Watu waliweka fedha, wengine walilipwa kwa hati waliyoandikiwa mji mwingine. Alikuwa na majahazi ziwani, mashine za kuchambua pamba, viwanda vya kukamua mafuta, kiwanda cha soda na mashamba.

Tujiulize kwa nini mtu aliyeuza nguo alihangaika na mashine za pamba. Jibu ni kwamba aliyenunua nguo kwa mkopo alikuwa mkulima wa pamba. Deni lilikuwa shambani. Visram alikuwa pale pamba inapovunwa, anainunua yeye mwenyewe, anakata deni lake na kumpa mkulima kilichobaki. Gari lake, tukilisema kwa lugha ya leo, halikurudi tupu.

Wapo waliomlaumu, na lawama hiyo ina uzito. Anayekuuzia na kununua kwako kwa wakati mmoja anashika mizani pande zote mbili. Mkulima anayedaiwa hana nguvu ya kubishana juu ya bei ya pamba yake. Mfumo huu ulijenga maduka mengi, lakini pia uliwafunga watu wengi kwa madeni, na wenye mazao yao wanajua machungu hayo hata leo, wanapouza mpunga ukiwa bado uko shambani.

Ubaruku si Mafinga

Turudi barabarani. Kutoka Iringa mjini hadi Mbeya ni zaidi ya kilometa 300 za lami, na gereji ziko nyingi Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, Uyole na Mwanjelwa, ukiacha zilizo mbele kuelekea Tunduma. Kwa haraka unaweza kudhani ni soko moja. Kwa mkopo si soko moja hata kidogo.

Fundi wa Mafinga anatengeneza malori ya mbao na magogo. Fundi wa Makambako au Tunduma anatengeneza malori ya mizigo ya safari ndefu. Hao wanapata fedha karibu kila wiki, isipokuwa mvua ikiharibu sana barabara za misituni. Mtindo wa Kimarekani wa kupita kila wiki na kuchukua kidogo kidogo unaweza kufanya kazi kwao. Ingia Rujewa na Ubaruku, wilayani Mbarali. Pale fundi anaishi kwa pawatila na mashine za mpunga. Pawatila zinalimishwa kuanzia Desemba hadi Februari, na hapo zinaharibika kwelikweli. Lakini mwenye pawatila naye mara nyingi anamwambia fundi asubiri mavuno, kati ya Mei na Julai. Ukimdai fundi huyo kila wiki mwezi Machi, unamlazimisha akukimbie. Atazima simu, atafunga gereji ukipita, na mwishowe utapoteza deni na mteja.

Visram angempa tarehe ya Juni, na angekubali magunia ya mpunga. Mwenye Canter leo anaweza kufanya vivyo hivyo, ila ajue kwamba hapo ameingia biashara ya pili, yenye leseni yake, ushuru wake wa mazao na bei yake inayopanda na kushuka. Asiyejua bei ya mchele Mbeya mjini ni heri asiguse magunia ya mtu.

Tofauti nyingine ni bidhaa yenyewe. Kitambaa kinachakaa na mteja anarudi. Spana nzuri inakaa miaka kumi na zaidi. Fundi mmoja ananunua seti kubwa mara moja, labda mara mbili, maishani mwake. Kwa hiyo mwenye gari akishawauzia mafundi wazuri wa njia nzima, mwaka wa pili anabaki na vijana wanaoanza kazi, ambao ndio wenye hatari kubwa kukopesha. Huko Marekani jambo hili limezaa ugomvi mkubwa. Mawakala wa Snap-on waliishtaki kampuni yao wakidai walibebeshwa mali na njia zisizolipa, na mwaka 2006 pande hizo zilifikia suluhu. Kampuni inauza kwa wakala, wakala anauza kwa fundi. Fundi akikwama, kampuni imeshapata chake.

Kuna na suala la spana za bei ya chini zinazojaa kila soko. Fundi anajua kwamba mdomo wake utapanuka baada ya boliti chache zilizokaza, na bado anazinunua, kwa kuwa anazilipia siku hiyo hiyo na hadaiwi na mtu. Si ujinga. Anakwepa deni ambalo tarehe yake haifanani na mapato yake.

Simu imerahisisha kitu kimoja. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, mwenye gari halazimiki kusafiri kufuata kila elfu kumi. Lakini mzunguko wa Visram haukuwa wa kukusanya fedha tu. Mtu wake alipopita aliona kama duka bado lina mali, kama mwenyewe bado yupo, kama shamba limestawi. Anayesubiri ujumbe wa simu peke yake anarudi kule kwa matajiri wa Zanzibar waliosubiri pembe pwani.

Mwisho wa daftari

Vita Kuu ilipoanza Agosti 1914, biashara ya Visram ilikatika vipande viwili. Matawi yaliyokuwa upande wa Wajerumani, huku alikoanzia, yakawa katika nchi ya adui wa Waingereza, na mali ikashindwa kupita. Yeye aliendelea kusafiri, ingawa umri ulikuwa umepita 60. Mwaka 1916 alikwenda Kongo kukagua biashara zake, akapata homa, akafariki tarehe 30 Juni.

Mwanawe, Abdulrasul, alirithi maduka, viwanda, mashamba na madeni ya watu waliotawanyika kutoka Mombasa hadi Kongo. Mengi ya madeni hayo yalisimama juu ya kufahamiana kwa mzee na wakopaji wake. Nani aongezewe muda, nani asipewe tena hata pishi moja, alikuwa akijua yeye. Kisha sarafu ikabadilishwa, rupia ikaondolewa na shilingi ikaingia, na bei ya pamba ikaanguka katika mwaka wa 1920 na 1921. Abdulrasul alifariki mwaka 1923. Kampuni ikasambaratika, mali zikauzwa kwa wengine, baadhi yao wakiwa wafanyabiashara wa kizazi kilichofuata nyuma ya Visram.

Kabla ya kifo chake Abdulrasul alikuwa ametoa fedha za kujenga shule Mombasa kwa kumbukumbu ya baba yake. Ilifunguliwa mwaka 1923, mwaka ule ule aliofariki, na inaitwa Allidina Visram hadi leo.