SEYYID SAID BIN SULTAN: MTAWALA ALIYEJUA KUISHI NA MAJIRANI, LAKINI UGOMVI WA NDUGU UKAMSHINDA

Bismillahir Rahmanir Rahim.  

Kila mwaka ifikapo mwezi huu mtukufu, baada ya kufuturu na kabla ya Taraweh, vijana wengi huketi wakazungumza habari za nchi za Kiarabu. Huyu amegombana na yule, nchi hii imefunga mpaka, ile imeita majeshi ya mbali kuja kuilinda na jirani yake Muislamu. Swali linalorudi kila mara ni hili: kwa nini watu wa kibla kimoja hawasikilizani? Basi leo, inshallah, tumtazame mtu mmoja aliyeishi katikati ya ugomvi kama huo miaka mia mbili iliyopita. Huyu si mtu wa mbali nasi sana. Ni Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Zanzibar kuanzia mwaka 1806 hadi 1856.

Pengine utauliza, sisi watu wa milimani, wa Keumbu, Kisii na Nyamira, tuna habari gani na Sultani wa Unguja? Ni kweli kuwa hakututawala. Lakini hebu tazama vizuri. Karafuu unayotia kwenye pilau ya Idi ilienea Unguja na Pemba katika zama zake. Kiswahili sanifu unachosoma hapa kimejengwa juu ya Kiunguja, lugha ya mji alioufanya makao yake. Na mahakama ya Kadhi iliyomo ndani ya katiba ya Kenya ina mizizi katika utawala wa kizazi chake. Kwa hivyo habari zake zinatuhusu.

YATIMA WA MIAKA KUMI NA TATU

Said alizaliwa mwaka 1791 huko Samail, Oman. Baba yake, Sultan bin Ahmad, ndiye aliyekuwa mtawala wa Maskati. Mwaka 1804 baba huyo aliuawa baharini katika Ghuba. Said alibaki yatima wa miaka kumi na tatu tu, na ami zake wakaanza kuutolea macho ufalme.

Aliyeinusuru nyumba ile alikuwa mwanamke. Shangazi yake, Bibi Moza bint Ahmad, alishika mambo kwa mikono miwili. Akamwita binamu yao Badr bin Saif aje kuwasaidia dhidi ya jamaa wengine. Badr alikuja, lakini alikuja na tegemeo lake: alikuwa amefungamana na Mawahabi wa Dir'iyya, dola ya kwanza ya ukoo wa Saud, ambayo wakati huo ilikuwa inasogea kuelekea Oman. Kidogo kidogo msaidizi akawa ndiye mwenye nyumba. Mwaka 1806 Said, akiwa kijana mdogo, alimshambulia Badr kwa jambia, na watu wake wakammaliza.

Hatuandiki haya kwa kumsifia mtu kwa kumwaga damu ya jamaa yake. Tunayaandika kwa sababu ndivyo yalivyokuwa. Na shika jambo moja hapa ndugu yangu, kwa maana utaliona tena na tena: ndugu aligombana na ndugu, akaitwa wa kusaidia, na wa kusaidia akataka malipo yake.

MAJIRANI WAMEMZUNGUKA

Sasa fikiria hali aliyoikuta. Magharibi yake kulikuwa na nguvu ya Mawahabi, waliokuwa wakiingia Oman kwa njia ya Buraimi na kudai mali kila mwaka. Kaskazini walikuwa Qawasim wa Ras al-Khaimah, mabaharia hodari walioshindana naye baharini. Ng'ambo ya Ghuba kulikuwa na Uajemi, ambako Oman ilikuwa imekodi bandari ya Bandar Abbas. Halafu kulikuwa na Waingereza wa Bombay, wenye manowari, na baba yake alikwisha kufunga mkataba nao tangu mwaka 1798.

Said alichagua kwenda na Waingereza. Mwaka 1809 meli zao zilikwenda kuipiga Ras al-Khaimah, naye akashirikiana nao. Mwaka 1819 walirudi kwa nguvu zaidi, na mwaka 1820 masheikh wa pwani ile walitia saini mkataba wa amani ya baharini chini ya Waingereza. Mwaka huo huo alikwenda pamoja na kikosi cha Waingereza kupigana na kabila la Bani Bu Ali ndani ya Oman yenyewe. Walishindwa vibaya na Said akajeruhiwa mkono. Mwaka 1821 Waingereza wakarudi na jeshi kubwa zaidi, wakawavunja watu wale.

Upande wa Mawahabi, nafuu ilimjia kutoka mbali. Mwaka 1818 jeshi la Misri la Muhammad Ali, likiongozwa na mwanawe Ibrahim Pasha, liliiteketeza Dir'iyya. Lakini ukoo wa Saud uliinuka tena pale Riyadh, na miaka ya mbele Said akaona afadhali kuwalipa kiasi cha fedha kila mwaka kuliko kupigana nao. Bahrain nayo aliijaribu mara mbili, mwaka 1816 na 1828, akashindwa.

Wako wanaosema huo ni unyonge. Lakini wacha tuseme ukweli, alikuwa na jeshi dogo na maadui wengi. Aliyemweza alimpiga, asiyemweza akapatana naye. Ndiyo maana alikaa kwenye kiti miaka hamsini ilhali watawala wengi wa zama zake waliondolewa.

JICHO LAKE LAGEUKIA PWANI YETU

Mambo hayakuishia Arabuni. Huku kwetu Mombasa ilikuwa mikononi mwa Mazrui, ukoo wa Kiomani pia, ambao haukukubali kutawaliwa na Busaid. Mnamo mwaka 1813 hivi Mazrui wakishirikiana na Pate waliivamia Lamu, wakapigwa vibaya kwenye mchanga wa Shela. Watu wa Lamu walishinda, lakini waliogopa kulipiziwa kisasi, wakamwomba Said awalinde. Akatuma liwali na askari, na ngome ya Lamu ikakamilishwa. Watu wa Lamu walipata ulinzi, na papo hapo wakapata mtawala.

Mazrui nao walipoona wanabanwa, na Pemba imewatoka mwaka 1822, wakafanya yale yale. Mwaka 1824 walimwomba kapteni wa Kiingereza aitwaye Owen awapandishie bendera ya nchi yake. Bendera ikapanda Mombasa, lakini serikali ya London haikuikubali, na mwaka 1826 ikashushwa. Said akaja na meli mara kadhaa kuanzia mwaka 1828, na kila mara Mombasa ikamshinda kuishika. Ngome ya Yesu ni ngumu, na watu wake walikuwa bado kitu kimoja.

Ni nini basi kilichoiangusha Mombasa? Si mizinga. Liwali Salim bin Ahmad alipofariki mwaka 1835, Mazrui wenyewe kwa wenyewe waligombania nafasi yake. Baadhi ya wazee wa mji wakachoka, wakamwita Said. Mwaka 1837 aliingia kwa maafikiano yaliyosaidiwa na mwanachuoni mashuhuri wa Barawa, Sheikh Muhyiddin al-Qahtani. Baadaye viongozi wa Mazrui wakakamatwa kwa hila, wakapelekwa Bandar Abbas, na huko ndiko walikoishia. Ahadi ilivunjwa, na hili ni doa katika maisha ya Seyyid Said ambalo watu wa Mombasa hawakulisahau.

UNGUJA, KARAFUU NA MIKATABA

Said alifika Unguja mara ya kwanza mwaka 1828, akaipenda. Alikwenda na kurudi, na kufikia mwaka 1840 makao yake makuu yalikuwa hapo. Aliwahimiza wenye mashamba wapande karafuu. Kwa kila mnazi mmoja, mikarafuu mitatu. Forodha aliikodisha kwa Mhindi, Jairam Shivji. Yeye mwenyewe alikuwa Ibadhi, lakini Masunni wa Kishafii waliachiwa makadhi wao, na Sheikh Muhyiddin tuliyemtaja alikuwa kadhi mkubwa wa Unguja. Kwa vijana wa leo wanaokatana kwa ajili ya madhehebu, hapo pana somo.

Na mikataba ilikuwa mingi! Marekani mwaka 1833, Uingereza 1839, Ufaransa 1844. Mwaka 1840 meli yake iitwayo Sultana ilifika New York ikiwa na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman. Ni miongoni mwa Waarabu wa mwanzo kabisa kufika huko kwa ujumbe wa nchi. Alimpa mfalme wa Uingereza manowari nzima kuwa zawadi. Aliposa kwa malkia wa Madagaska, hakupewa. Akaoa binti wa kifalme wa Uajemi. Kwake yeye posa, zawadi na biashara vyote vilikuwa mlango wa urafiki na jirani.

Lakini ngoja kwanza. Hatuwezi kutaja karafuu tukanyamaza kuhusu waliozilima. Mashamba yale yalisimama juu ya migongo ya watumwa waliotolewa bara, watu weusi kama sisi, na wengine wao walikuwa Waislamu au walisilimu huko huko. Waingereza walimbana, akatia saini mkataba wa mwaka 1822, kisha wa 1845 uliokataza kuwasafirisha watumwa kutoka Afrika kwenda Arabuni. Hata hivyo utumwa wenyewe uliendelea katika milki yake mpaka alipokufa. Dini yetu imefanya kumwacha huru mtumwa kuwa ibada na kafara. Kijana akiulizwa na wenzake wasio Waislamu shuleni kuhusu jambo hili, asitafute visingizio. Aseme lilikuwa dhuluma.

MWISHO WAKE NA UGOMVI WA WANAWE

Miaka ya mwisho alirudi Oman, kwa sababu Waajemi walikuwa wameichukua Bandar Abbas. Mwaka 1856 aliipata tena kwa masharti magumu kuliko ya mwanzo. Akapanda meli yake Victoria kurudi Unguja, lakini aliugua njiani. Alifariki baharini karibu na Shelisheli tarehe 19 Oktoba 1856, akiwa na umri wa miaka 65, akaja kuzikwa Unguja. Allah amrehemu na atusamehe sisi na yeye.

Sasa ndugu msomaji, tazama yaliyofuata. Mwaka 1844 Said alikuwa ameiandikia serikali ya Uingereza akieleza vipi angependa wanawe warithi: mmoja Afrika, mwingine Oman. Fikiria hilo. Wasia juu ya watoto wake umekwenda kuwekwa kwa mgeni. Alipokufa, Majid akashika Unguja na Thuwaini akashika Maskati. Barghash, aliyekuwa na baba yake melini, alijaribu kuishika ngome ya Unguja, hakufaulu. Mwaka 1859 Thuwaini akatuma majeshi kwa meli ili ampige ndugu yake, na Waingereza ndio waliowarudisha njiani. Barghash naye akaasi mwaka huo, akapelekwa Bombay.

Mwishowe kesi ya watoto wa baba mmoja ikaamuliwa na Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India. Tarehe 2 Aprili 1861 alihukumu kwamba Unguja na Oman ziwe nchi mbili, na Unguja ilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Mgeni aliyeitwa kusaidia mwaka hadi mwaka, leo amekuwa hakimu. Mwaka 1866 Thuwaini aliuawa na mwanawe mwenyewe. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa wakagawana bara, wakamwachia Sultani ukanda wa maili kumi tu. Mwaka 1890 Unguja yenyewe ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza. Na mwezi wa Oktoba 1963, ukanda wa pwani ulipokabidhiwa Kenya kwa makubaliano, miongoni mwa yaliyowekewa dhamana ni mahakama za Kadhi, ambazo tunazo mpaka leo.

TUCHUKUE NINI?

Seyyid Said alikuwa na akili ya kuishi na majirani, na hilo tusimnyime. Lakini karibu kila hatua ya habari hii ni moja: Badr aliitwa, Said akaitwa Lamu, Owen akaitwa Mombasa, Canning akaitwa baina ya Majid na Thuwaini. Kila aliyeitwa alikuja, na hakuna aliyeondoka bure. Ukisikia habari za nchi za Kiarabu za leo, zipime kwa mizani hii, utaelewa mengi bila ya kumtukana mtu.

Kisha tuanze hapa hapa. Sisi Waislamu wa Keumbu na vijiji jirani ni wachache, na tunajuana. Ugomvi wa kamati ya msikiti, wa shamba la marehemu baba, wa mirathi ya dada ambaye kaka zake wanamnyima haki yake, unaanza mdogo. Tukiukalia kikao sisi wenyewe, kwa haki na mbele ya wazee na masheikh, unaisha. Tukingoja mpaka kila mmoja atafute mtu wa nje wa kumpa nguvu, basi atakayekuja atakuwa na hesabu zake. Ewe mzazi, andika wasia wako ungali hai na wajulishe watoto wako wote. Nawe kijana, kama kuna ndugu yako hamsemezani, Ramadhan hii usiiache ipite. Mpigie simu kabla ya Idi.

Ewe Mola wetu, ziunganishe nyoyo za Waislamu, warehemu waliotutangulia, na utukubalie saumu zetu na visimamo vyetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.