Aliyeaminiwa bila kuulizwa: maisha ya Bruno Bettelheim na somo lake kwa wazazi wa watoto wenye usonji

Katika kazi yangu ya kutembelea majumba, Mji Mkongwe, Ng'ambo na shamba, nimekaa na kina mama wengi wenye watoto wenye usonji. Karibu kila mmoja ameshalaumiwa. Huyu ameambiwa hakumpenda mtoto tangu tumboni, yule ameambiwa alimwacha sana kwa bibi yake. Mama akishabeba hatia, huwa tayari kumkabidhi mtoto kwa yeyote anayedai kuwa anaweza kumponya.

Lawama hiyo iliwahi kutolewa na mtu mashuhuri sana, tena kwa jina la sayansi. Maisha yake yana somo kwa kila mlezi anayemtafutia mtoto tiba.

Kutoka Vienna hadi Chicago

Bruno Bettelheim alizaliwa tarehe 28 Agosti 1903 mjini Vienna, Austria, katika familia ya Kiyahudi iliyofanya biashara ya mbao. Baba yake alipofariki mwaka 1926, aliacha chuo akaishika biashara. Baadaye alirudi kusoma, na mwaka 1938 akapata shahada ya udaktari wa falsafa. Utafiti wake ulihusu uzuri na sanaa. Haukuhusu tiba wala watoto.

Mwaka huohuo Wanazi waliichukua Austria. Bettelheim alikamatwa akafungwa katika kambi ya Dachau, kisha Buchenwald. Aliachiwa mwaka 1939 akahamia Marekani. Mateso aliyoyapata yalikuwa ya kweli, na makala yake ya mwaka 1943 kuhusu maisha ya kambini ilimpa heshima.

Mwaka 1944 alikabidhiwa uongozi wa Skuli ya Orthogenic ya Chuo Kikuu cha Chicago, skuli ya bweni ya watoto wenye matatizo makubwa ya kihisia na kitabia. Aliiongoza hadi mwaka 1973. Watu walimwita Dakta B, na wengi waliamini kuwa amesomea saikolojia Vienna. Mwenyewe alieleza kwamba huko Vienna aliishi na watoto wenye usonji nyumbani kwake na kuwatunza. Waandishi waliochunguza maisha yake baadaye, akiwemo Richard Pollak, walikuta mengine. Kulikuwa na mtoto mmoja wa Kimarekani aliyelelewa nyumbani kwao, na aliyembeba zaidi mzigo wa malezi alikuwa Gina, mke wake wa kwanza.

Skuli ambayo wazazi hawakuingia

Skuli ilikuwa nzuri kwa macho. Watoto walikuwa na vitanda vizuri, sahani nzuri na chakula cha kutosha. Wapo waliokulia pale wanaomshukuru mpaka leo.

Lakini wazazi waliwekwa mbali, na hawakuruhusiwa kuingia mabwenini. Waliokaa na watoto usiku na mchana wengi walikuwa vijana aliowafundisha yeye, na waliripoti kwake yeye.

Mwaka 1967 alitoa kitabu chake The Empty Fortress. Humo alisema kwamba mtoto hupata usonji kwa kuhisi kuwa mzazi wake hamtaki, akamfananisha na mfungwa wa kambi ya Wanazi. Alidai pia kuwa wengi kati ya watoto aliowatibu walipata nafuu kubwa. Aliyehesabu waliopata nafuu ni yeye mwenyewe. Hakuna mtu wa nje aliyewapima watoto wale kabla na baada. Hata hivyo kitabu kilisomwa sana, naye akaonekana kwenye televisheni. Kina mama wengi waliishi na aibu ambayo haikuwa yao.

Kulikuwa na waliompinga. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa pia baba wa mtoto mwenye usonji, alionyesha kwamba chanzo kimo katika mwili na ubongo, na mwaka uliofuata alisaidia kuanzisha chama cha wazazi. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha utafiti wa mapacha nchini Uingereza uliothibitisha kuwa kurithi kuna nafasi kubwa. Leo tunajua kwa hakika: malezi hayasababishi usonji.

Bettelheim alifariki tarehe 13 Machi 1990. Mwaka huohuo, baadhi ya waliosoma kwake walianza kusema hadharani kwamba aliwapiga na kuwadhalilisha. Wengine walimtetea. Lakini kwa karibu miaka 30, mlango ulikuwa umefungwa na maneno ya watoto hayakutoka nje.

Sisi tunajifunza nini

Mimi ni muuguzi mwenye diploma. Siwezi kufanya kazi bila kusajiliwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga, na yupo anayeisimamia kazi yangu. Anayemfanyia mwanao mazoezi ya kuongea au ya vitendo naye awe na aliyemfundisha na anayemsimamia. Hapa kwetu wataalamu hawa ni wachache, kwa hiyo huenda mtoto akahudumiwa na msaidizi. Hilo si baya, mradi awe amefunzwa kazi hiyo na mtaalamu humwangalia mara kwa mara. Kabla hujamwacha mtoto, uliza:

- Umesomea nini hasa, na wapi? Naomba kuona cheti. (Neno daktari peke yake halitoshi.)
- Umesajiliwa na baraza gani?
- Nani anakusimamia, na huja lini kumuona mtoto wangu?
- Lengo la miezi mitatu ijayo ni lipi, na tutalipimaje?
- Naweza kukaa ndani nikaangalia?

Ukikataliwa kuingia kila mara, ukiahidiwa mtoto atapona kabisa, au ukiambiwa wewe ndiye chanzo, mchukue mwanao. Mtoto akirudi na alama mwilini au akianza kuogopa kwenda, usinyamaze. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, au shehani kwako. Kama bado hujapata pa kuanzia, omba rufaa ya Hospitali ya Mnazi Mmoja, au zungumza na ZAPDD, jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili hapa Zanzibar.

Usione haya kuuliza, mama. Mtaalamu wa kweli hachukii kuulizwa.