Malkia Mary wa Pili: Ndoa iliyoanza kwa machozi ikazishinda fitina za ikulu

MSICHANA wa miaka 15 alichukuliwa faragha na babake katika kasri la St James's jijini London, alasiri ya Oktoba 21, 1677, akaarifiwa kwamba ameposwa. Alilia alasiri hiyo nzima, akalia na siku ya pili yake kutwa.

Jina lake lilikuwa Mary. Alizaliwa Aprili 30, 1662, akiwa bintiye Mwanamfalme James wa York. Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alikuwa ami yake. Mamake, Anne Hyde, alifariki mwaka wa 1671, naye Mary akabaki na nduguye mdogo aliyeitwa pia Anne.

Mwanamume aliyechaguliwa alikuwa William wa Orange, mtoto wa shangazi yake, aliyekuwa na umri wa karibu miaka 27. William ndiye aliyekuwa kiongozi mkuu wa majimbo ya Uholanzi, nchi ambayo wakati huo haikuwa na mfalme. Alikuwa mfupi, mwembamba, mgonjwa wa pumu, mwenye pua iliyopinda na maneno machache. Mary alikuwa mrefu kumshinda, mrembo, mchangamfu na mpenda dansi.

Hakuna aliyemwuliza binti huyo anataka nini. Posa ilikuwa mkataba wa kisiasa. Mwaka wa 1672 majeshi ya Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa yalikuwa yameivamia Uholanzi, naye William alihitaji Uingereza imsaidie. Kwa upande wake, Mfalme Charles alikuwa akishukiwa na raia wake kwa urafiki wake na Wafaransa, huku nduguye James akiwa amejiunga na Kanisa Katoliki katika nchi ya Waprotestanti. Waziri wake mkuu, Danby, alimshauri kwamba kumwoza Mary kwa Mprotestanti kungetuliza hofu hiyo. James hakuipenda shauri hiyo, ila alitii amri ya kakake.

Harusi ilifanywa usiku wa Novemba 4, 1677, siku ambayo William alikuwa akitimiza miaka 27. Wiki chache baadaye meli iliwavusha maharusi hadi Uholanzi.

Huko Mary aliyaona mambo ambayo hakuyatarajia. Wenyeji walimpenda kwa upole wake, naye akaipenda nchi yao. Alishughulika na bustani, ushonaji na ukusanyaji wa vyombo vya kauri vya rangi ya buluu na nyeupe. Mumewe alipokwenda vitani, alikuwa akilia kwa kumhofia. Yaani, kabla hata mwaka haujatimia, yule aliyemlilia kwa kutomtaka alikuwa sasa akimlilia kwa kumtaka.

William hakuwa mwepesi wa kuonyesha hisia zake. Mwaka wa 1678 mimba ya Mary iliharibika, na hawakujaliwa kupata mtoto. Katika jamii za kifalme, ambamo mke alipimwa kwa warithi aliozaa, huo ulikuwa mzigo mzito. Isitoshe, William alikuwa na uhusiano na Elizabeth Villiers, mmoja wa wanawake waliofuatana na Mary kutoka Uingereza na ambaye mamake ndiye aliyekuwa mlezi wa Mary utotoni.

Udhaifu huo ndio uliotumiwa na wale waliotaka kuivunja ndoa. Februari 1685 Mfalme Charles alifariki bila kuacha mtoto wa ndoa, na babake Mary akatawazwa kuwa Mfalme James wa Pili. Mary sasa ndiye aliyekuwa mrithi wa kiti cha enzi. Kwa James, ambaye alikuwa akizidi kutofautiana na mkwewe, ilikuwa heri binti huyo angetengana na mume Mprotestanti aliyemwona kuwa adui.

Kikulacho ki nguoni mwako. Baadhi ya watumishi Waingereza waliokuwa wakila na kulala katika nyumba ya Mary huko Uholanzi, akiwemo kasisi wake John Covell, walikuwa wakipeleka habari za siri kwa balozi wa Uingereza mjini The Hague. Watu hao ndio waliomjaza Mary habari za mumewe na Elizabeth. Usiku mmoja wa mwaka huo wa 1685, Mary alikesha akingoja, hata akamwona mumewe akitoka upande wa vyumba vya wanawake hao.

Yaliyofuata yalikuwa magomvi makali. Hata hivyo, William alishuku kwamba kulikuwa na mkono mwingine nyuma ya kisa hicho. Aliagiza barua za kasisi huyo zikamatwe njiani, na njama ikafichuka. Covell na wenzake walifukuzwa wakarudi kwao.

Mary alijikuta baina ya makosa mawili. Mumewe alikuwa amemkosea, jambo ambalo hakuna barua iliyoweza kulifuta. Lakini wale waliojifanya kumhurumia walikuwa wakiyatumia machozi yake kama silaha. Alichagua kubaki na mumewe, na hakumpa babake nafasi ya kuingilia kati.

Kulikuwa na jambo jingine lililowatenga wawili hao, ambalo lilikuwa halijawahi kutajwa. Mary angekuwa malkia wa Uingereza siku moja, na William, kiongozi wa nchi na amiri wa jeshi, angekuwa mume wa malkia tu. Jambo hilo lilimkera kwa miaka 9, lakini hakuthubutu kumwambia mkewe.

Aliyelifungua fundo hilo alikuwa kasisi kutoka Scotland, Gilbert Burnet, aliyefika The Hague mwaka wa 1686. Alipomwuliza Mary kuhusu suala hilo, aligundua kwamba binti huyo hakujua kamwe kuwa sheria ingemweka mumewe chini yake. Kesho yake Mary alimwita William na kumwahidi, mbele ya Burnet, kwamba mamlaka yote yatakayomfikia yatakuwa mikononi mwake. Alichomwomba ni kwamba naye ampende mkewe. Tangu siku hiyo, ukuta uliokuwa kati yao ulianza kubomoka.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka wa 1688. Juni 10 mke wa pili wa Mfalme James alijifungua mtoto wa kiume ambaye angelelewa katika Ukatoliki na kumwondoa Mary katika urithi. Uvumi ulienea London kwamba mtoto huyo si wa malkia, bali aliingizwa chumbani kwa siri. Uvumi huo haukuwa na ukweli, lakini Anne aliuamini, na Mary naye akaja kuuamini. Kabla ya mwezi huo kwisha, viongozi 7 wa Uingereza walimwandikia William wakimwalika aje na jeshi.

Mary alitakiwa kumchagua mume dhidi ya baba. William alipokuwa akiagana naye, alimwambia kwamba iwapo angeuawa, basi aolewe tena, mradi tu mume asiwe Mkatoliki. Mary alishindwa kuyastahimili maneno hayo. Dhoruba iliyarudisha majeshi mara ya kwanza, kisha Novemba 5, 1688, William akatua Torbay, kusini magharibi mwa Uingereza. James aliachwa na makamanda wake, hata na binti yake Anne, na Desemba akatorokea Ufaransa.

Fitina ilirejea kwa sura mpya. Danby na wenzake walitaka Mary atawazwe peke yake, William akiwa mume tu. Mwanamke mwenye tamaa angeliipokea nafasi hiyo kwa mikono miwili. Mary alimjibu Danby kwa barua ya kumkemea, akisema kwamba yeye ni mke wa William na kwamba hatamshukuru mtu yeyote atakayewagonganisha. Februari 13, 1689, wote wawili walikabidhiwa taji katika ukumbi wa Banqueting House, huku uendeshaji wa serikali ukiachwa kwa William.

Pamoja na taji hilo kulisomwa tangazo la haki ambalo lilipitishwa kuwa sheria Desemba mwaka huo. Sheria hiyo ilipunguza uwezo wa mfalme na kuupa nguvu uwakilishi wa raia. Baadhi ya misingi yake, kama vile uhuru wa wabunge kuzungumza bungeni, ilirithiwa baadaye na mabunge ya nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza, likiwemo la Kenya.

Watu wengi walimlaumu Mary kwa kuingia katika kasri la babake akiwa na uso wa furaha. Wachache walijua kwamba alikuwa ameombwa na mumewe asionyeshe huzuni hadharani. Siku ya kutawazwa, Aprili 11, 1689, ilifika barua ya James iliyojaa laana kwa binti yake.

Mwaka uliofuata William alivuka kwenda Ireland kupambana na James, aliyekuwa mjomba wake na pia baba mkwe wake. Mary alibaki London akiongoza nchi kwa msaada wa baraza la watu 9. Alimsihi mumewe ahakikishe kwamba babake hadhuriwi. Jeshi la James lilishindwa katika vita vya Boyne, Julai 1, 1690. Siku moja kabla ya ushindi huo, meli za Wafaransa zilikuwa zimezishinda zile za Waingereza na Waholanzi karibu na Beachy Head, na nchi ikaingiwa na hofu ya kuvamiwa. Mary hakutetereka. Aliamuru washukiwa wa njama wakamatwe, akiwemo mjomba wake mwenyewe, Clarendon. Kila William aliporudi kutoka vitani, alimrudishia madaraka bila kinyongo.

Gharama ya uaminifu huo ilikuwa kubwa. Mwaka wa 1692 alikosana na Anne, aliyekataa kumfukuza rafiki yake, Sarah Churchill, ambaye mumewe alishukiwa kuwasiliana na James. Aprili mwaka huo Anne alipofiwa na mtoto mchanga, Mary alimtembelea, lakini akalirudia lile lile ombi la kumwacha Sarah. Ndugu hao hawakuonana tena.

Desemba 1694 Mary aliugua ndui. Alipoziona dalili, aliwaruhusu waondoke watumishi ambao hawakuwahi kuugua ugonjwa huo, kisha akaketi usiku akichoma karatasi zake. William, ambaye wazazi wake wote wawili waliuawa na ndui, aliamuru kitanda chake cha kambini kiwekwe katika chumba cha mgonjwa. Yule mtu mkavu aliyetajwa kwa ubaridi wake alilia mbele ya watu bila kujizuia.

Waswahili husema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Kwa Mary mambo yalikwenda kinyume. Aliyemzaa alikuwa amemlaani na aliyezaliwa naye alikuwa mbali, ila aliyepewa kwa mkataba ndiye aliyekuwa kando ya kitanda chake. Alifariki Desemba 28, 1694, katika kasri la Kensington, akiwa na umri wa miaka 32. Alizikwa Westminster Abbey Machi 5, 1695, kwa muziki uliotungwa na Henry Purcell.

William alizimia kwa majonzi. Aliuvunja uhusiano wake na Elizabeth Villiers, aliyeolewa na mtu mwingine mwaka huo wa 1695, na hakuoa tena. Alipofariki Machi 8, 1702, waliomvua nguo walikuta utepe mweusi mwilini mwake. Katika utepe huo kulikuwa na pete na nywele za Mary.