Unapenda Siasa? Anza na JM

Kama umekulia Dundori na siasa ndiyo stori zako za kila siku, wacha nikupe kitabu cha kuanza nacho. Josiah Mwangi Kariuki, yule JM, alizaliwa 1929 Kabati-ini, hapo tu jirani, kwa wazazi maskwota kwenye shamba la mzungu. Mwaka wa 1953 alikamatwa Nakuru, akazungushwa kambi za kizuizini, Manyani hadi Lodwar, miaka saba bila kesi. Huko ndani aliandika barua za siri kulalamikia mateso. Zikigunduliwa anachapwa, akipata nafuu anaandika nyingine. Huyo ndiye ripota, nakwambia! Yote yamo kwenye Mau Mau Detainee, kilichotoka 1963.

Baadaye akawa katibu wa Kenyatta, akawa mbunge, kisha akageuka mwiba kwa serikali hiyo hiyo kwa ajili ya mashamba. Alipotoweka Machi 1975, gazeti moja kubwa liliandika yuko Zambia. Kumbe mwili ulikuwa umeshaokotwa Ngong, umelala mochari ya Nairobi bila jina. Ukimaliza kitabu, tafuta ripoti ya kamati ya bunge ya Mwangale. Iliondolewa majina mawili kabla ya kufika bungeni, na waliomuua hawajawahi kuhukumiwa.