Jenerali Gorgas: Askari Aliyepigana na Maji Yaliyotuama

Askari hufunzwa kumfuata adui maskanini mwake kabla hajatoka kushambulia. Ni wachache waliolishika fundisho hilo kama William Crawford Gorgas, daktari wa Jeshi la Marekani, ambaye adui yake alikuwa mbu.

Alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1854 katika jimbo la Alabama. Alitamani kuwa afisa wa mapigano, lakini chuo cha kijeshi cha West Point hakikumpokea. Alisomea udaktari, na mwaka 1880 akaingia jeshini kwa mlango huo. Akiwa katika kambi ya Fort Brown, Texas, aliugua homa ya manjano, akapona.

Mwaka 1900, huko Cuba, tume ya Meja Walter Reed ilithibitisha wazo la Daktari Carlos Finlay kwamba homa hiyo huenezwa na mbu. Gorgas, aliyekuwa mkuu wa afya mjini Havana, hapo awali hakusadiki. Ushahidi ulipotimia, aliyaacha mawazo yake ya zamani. Mwaka 1901 vikosi vyake vilipita nyumba kwa nyumba vikifunika mapipa na kumwaga maji yasiyo na kazi. Kabla ya mwaka kwisha, homa ya manjano ilikoma mjini humo.

Mwaka 1904 alipelekwa Panama, ambako Wafaransa walikuwa wameshindwa kuchimba mfereji baada ya kupoteza watu wapatao 20,000. Hospitalini mwao, miguu ya vitanda iliwekwa katika vibakuli vya maji ili kuzuia sisimizi. Kumbe mbu walizaliana chini ya wagonjwa wenyewe.

Gorgas alitambua kwamba kila msimu una maficho yake. Wakati wa kiangazi, kuanzia Januari hadi Aprili, wenyeji waliweka akiba ya maji katika mapipa na mitungi, na humo ndimo alimotaga mbu wa homa ya manjano. Mvua ziliponyesha, mbu wa malaria alienea katika madimbwi, mitaro iliyoziba, hata katika nyayo za wanyama.

Mwaka 1905 homa ilifumka na wafanyakazi wengi wakakimbia. Baadhi ya wakubwa walitaka Gorgas aondolewe, lakini Rais Theodore Roosevelt alikataa. Mhandisi Mkuu John Stevens alimpa watu na vifaa. Maji ya bomba yaliletwa mjini, mapipa yakaondolewa, mitaro ikachimbwa, madimbwi yakamiminiwa mafuta. Mwaka 1906, kati ya wafanyakazi 26,000, zaidi ya 21,000 walilazwa kwa malaria. Mwaka 1912, kati ya 50,000, walilazwa 5,600 hivi. Mfereji ulifunguliwa tarehe 15 Agosti 1914, na mwaka huo Gorgas akawa Mganga Mkuu wa Jeshi.

Alifariki London mwezi Julai 1920, akiwa safarini kuja Afrika Magharibi kuichunguza homa ya manjano. Miaka 16 baadaye, kituo cha kuichunguza homa hiyo kilianzishwa hapa kwetu Entebbe.

Ndugu askari na polisi, yai la mbu huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Kambi inayokagua makopo, magurudumu mabovu, matangi na mahandaki yake kila wiki, masika na kiangazi, humwangamiza adui kabla hajaota mabawa. Kambi inayongoja wagonjwa imekwisha kuchelewa.