Bartolomé de las Casas: Padre Aliyejifunza Haki

Mtu aweza kuwa na moyo mwema, akasali kila siku, akawatendea watumishi wake kwa upole, na hata hivyo akawa anaishi kwa dhuluma asiyoiona. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu wa namna hiyo, Askofu Bartolomé de las Casas. Wengi humkumbuka kwa sababu aliwatetea wenyeji wa Amerika mbele ya wafalme. Lakini haki ile hakuzaliwa nayo. Alijifunza, tena kwa taabu, na somo lenyewe lilimchukua karibu maisha yake yote.

Alizaliwa mwaka 1484 katika mji wa Sevilla, nchi ya Hispania. Baba yake alikuwa mfanya biashara, naye alisafiri pamoja na Columbus katika safari ya mwaka 1493. Aliporudi alimletea mwanawe kijana mmoja wa visiwa vile awe mtumwa wake, mpaka Malkia Isabella alipoamuru mwaka 1500 kwamba watumwa hao warudishwe kwao. Mwaka 1502 Bartolomé mwenyewe alivuka bahari kwenda kisiwa cha Hispaniola, ambacho leo kimegawanyika kati ya Haiti na Jamhuri ya Dominika. Alikuwa kijana wa miaka kama 18, mwenye nia ya kupata mali kama wenzake, naye akaipata.

Mali hiyo ilipatikanaje? Serikali ilikuwa ikiwagawia wageni wenyeji wa nchi, kundi kwa kundi, wawafanyie kazi mashambani na katika machimbo ya dhahabu. Aliyegawiwa watu aliagizwa awalinde na kuwafundisha dini. Katika karatasi lilikuwa jambo jema. Kwa kweli ulikuwa utumwa. Wenyeji walikufa maelfu kwa maelfu kwa kazi, kwa njaa, na kwa maradhi yaliyotoka Ulaya.

Basi Jumapili ya nne ya Majilio, mwaka 1511, mtawa wa Shirika la Wadominiko, Padre Antonio de Montesinos, alipanda mimbari mjini Santo Domingo, akawaambia wakubwa wa kisiwa waziwazi kwamba wamo katika dhambi ya mauti kwa ukatili wao, akawauliza kama wale wanaowatesa si wanadamu wenye roho. Wakubwa walikasirika, wakadai ayafute maneno yake. Jumapili iliyofuata alipanda tena, akayasema kwa nguvu zaidi.

Wakati huo Las Casas alikuwa amekwisha kupata daraja takatifu ya upadre. Je, aligeuka? La. Alijiona kuwa yeye si kama wale wakatili, kwa kuwa watu wake aliwatunza vizuri. Hata padre mmoja Mdominiko alipomnyima ondoleo la dhambi kwa sababu ya watu aliowamiliki, alibishana naye, akaenda zake. Akaingia Kuba akiwa padre wa askari, na katika kijiji cha Caonao akaona kwa macho yake askari wakiwachinja watu waliokuwa wamekaa kitako, watu ambao walikuwa wamewaletea samaki na vyakula. Alijaribu kuwaokoa baadhi yao. Hata hivyo, alipopewa shamba na watu wa kulilima karibu na mto Arimao, alipokea.

Tusiharakishe kumshangaa. Ni kawaida ya binadamu kuuchukia ubaya wa wengine huku akila matunda yake.

Mwaka 1514, alipokuwa akitengeneza hotuba ya Sikukuu ya Pentekoste, alisoma katika Kitabu cha Yoshua bin Sira, mlango wa 34, mahali panapoonya kwamba Mungu haridhiki na sadaka iliyotolewa katika mali ya dhuluma. Neno lilimchoma. Alilitafakari siku nyingi, akayakumbuka ya Montesinos, akayakumbuka ya Caonao, hata akasadiki kwamba mpango mzima ni dhuluma, na kwamba upole wake mwenyewe hauugeuzi kuwa haki. Alikwenda kwa gavana Diego Velázquez, akamwambia kwamba awaacha watu wake wote. Tarehe 15 Agosti, Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, akalitangaza jambo hilo kanisani mbele ya watu. Alijua kwamba asiyeacha chake hawezi kumwambia mwenzake aache.

Mwaka 1515 alirudi Hispania pamoja na Padre Montesinos kumweleza mfalme mambo hayo, na mwaka uliofuata Kardinali Cisneros akamweka kuwa Mtetezi wa Wenyeji.

Sasa twafika mahali penye uchungu, hasa kwetu sisi Waafrika. Katika kutafuta njia ya kuwapunguzia wenyeji mzigo, Las Casas alishauri kwamba wageni waruhusiwe kuleta watumwa kutoka Afrika mahali pao. Yeye si aliyeanzisha biashara hiyo, maana Waafrika walikuwa wakivushwa kabla yake; wala hakuwa peke yake katika shauri hilo. Lakini alilitia nguvu kwa neno lake. Mwaka 1518 mfalme alitoa ruhusa ya kupeleka watumwa 4,000. Padre yule aliyelia kwa ajili ya watu wa Kuba hakuuliza watu wa pwani za Afrika wamepatikanaje. Jicho lake moja lilikuwa limefunguka, la pili lilikuwa bado limefumba.

Miaka ilipita. Jaribio lake la kujenga makao ya amani huko Cumaná, pwani ya Venezuela, lilivunjika, na mwaka 1522 akaingia utawani kwa Wadominiko, akasoma na kuandika kwa miaka mingi. Mwaka 1537 Baba Mtakatifu Paulo III alitangaza kwamba wenyeji wa Amerika ni watu kamili, na kwamba haifai kunyang'anywa uhuru wao wala mali yao. Mwaka 1542, Las Casas akiwa mmoja wa waliosihi sana, Mfalme Karoli V alitoa sheria mpya za kukataza kuwafanya wenyeji kuwa watumwa na za kuumaliza polepole mpango wa kugawa watu. Mwaka 1544 alipewa uaskofu wa Chiapas, katika nchi ya Meksiko ya leo. Huko aliagiza kwamba wenye watumwa wasipate ondoleo la dhambi mpaka wawaachilie. Walimfanyia ghasia, naye mfalme akalegeza sheria zake mwaka 1545. Mwaka 1547 Askofu alirudi Hispania asiende tena Amerika.

Kazi yake haikuisha. Mwaka 1550 mjini Valladolid alishindana mbele ya wataalamu na Juan Ginés de Sepúlveda, mtu mwenye elimu kubwa, aliyedai kwamba wako watu walioumbwa ili watawaliwe kwa nguvu. Kwa siku tano Las Casas alisoma hoja zake, kwamba mataifa yote ni ukoo mmoja wa wanadamu wenye akili na hiari. Waamuzi hawakutoa hukumu iliyo wazi.

Tena, katika kusoma habari za safari za Wareno, alitambua jinsi Waafrika walivyokamatwa. Katika kitabu chake kikubwa cha historia aliandika bila kujificha kwamba utumwa wao ulikuwa dhuluma sawasawa na ule wa wenyeji, na kwamba hakuwa na hakika kama kutojua kwake kungempa udhuru mbele ya hukumu ya Mungu. Hakusingizia nyakati wala wenzake. Kitabu hicho kilipigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1875, naye alikwisha kufa mjini Madrid tarehe 18 Julai 1566. Toba yake ilichelewa kuwafaa waliokwisha kuvushwa.

Basi, enyi wazazi Wakristu, tuyapime maisha haya nyumbani kwetu. Yule msichana wa kazi aliyetoka kabila jingine, je, twamlipa haki yake, au twajifariji kwamba hatumpigi? Kijana wetu akitaka kuoa katika taifa tunalolidharau, twauliza tabia ya mchumba au damu yake? Na tunapodai haki kwa ajili ya watu wetu, je, tumetazama mzigo huo tunamtwika nani? Las Casas alihitaji hotuba ya mtu mwingine, ukali wa muungamishi, Maandiko Matakatifu, na miaka mingi. Sisi tunayo hayo yote, na mfano wake pia. Jioni ya leo, kabla ya sala ya pamoja, baba wa nyumba na aanze kwa kumwuliza yule anayetufulia nguo kama amekula.